Pendulamu mbili kwenye kamba moja: kuona kwa macho kile Watao walichokisikia

Zhuangzi, kitabu cha Watao (wafuasi wa falsafa ya Tao) wa China ya kale, kinataja ala mbili za nyuzi zilizolinganishwa sauti: moja ukumbini, nyingine chumba cha ndani. Ukipiga uzi wa noti ya gong huku, wa gong kule unalia. Ukipiga wa jue, noti nyingine, unaitika wa jue. Kuitikiana huko huitwa ganying. Katika fizikia ni resonansi: kitu kutikiswa na kingine chenye mdundo uleule. Unaweza kuitazama polepole kwa kamba na kufuli mbili, kila moja ikining'inia kwa uzi kama pendulamu.

Funga kamba kati ya viti viwili vizito vilivyoachana mita 1. Ning'iniza kufuli mbili za aina moja kwa nyuzi za sentimita 50, zikiachana sentimita 30. Pima kutoka kwenye kamba hadi katikati ya kufuli. Wengi hupima hadi kwenye fundo, ndipo mambo yanapoharibika. Legeza kamba mpaka ishuke sentimita 5 hivi.

Vuta kufuli moja sentimita 10, kuikingama kamba na si kuifuata, kisha iachie. Baada ya mibembeo kama 15 itasimama, na mwendo wote utakuwa kwa mwenzake. Halafu unarudi.

Ikiwa ya kwanza inapungua tu bila kusimama, urefu hautoshani: tofauti ya sentimita 2 inatosha. Uhamisho ukichelewa mno, kamba imekazwa kupita kiasi. Fupisha uzi mmoja hadi sentimita 40 na kufuli ya pili itatikisika kidogo tu. Gong haiamshi jue, basi, na wanaosema "kila kitu kimeungana" huisahau nusu hiyo ya habari.

Sasa ziachie zote pamoja, upande mmoja. Hakuna kupokezana. Ziachie zikipishana, moja huku na nyingine kule: hakuna tena. Mibembeo hii miwili ndiyo ya asili ya mfumo, na kila mmoja ni wa jozi nzima. Ule ulioanza kwa kuvuta kufuli moja ni mchanganyiko wa hii miwili. Mwaka 1665 Christiaan Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, aliona saa zake mbili za pendulamu, zilizotundikwa pamoja, zikiishia kubembea kwa kupishana hivyo hivyo.

(Usiruke kutoka hapa hadi kwenye kufungamana kwa chembe za kwanta, yaani chembe ndogo mno ambazo vipimo vyake huhusiana hata zikiwa mbali. Kule hakuna kamba, wala ujumbe hauwezi kutumwa kwa njia hiyo.)

Mwisho, funga kila kufuli kwenye kiti chake, bila kamba ya pamoja. Bembeza moja: nyingine haitajongea.