Somo: Kronografu, ule mshale mrefu uliosimama una kazi yake

Nakutana sana na watu waliovaa saa yenye viduara usoni na vitufe viwili ubavuni. Ukiwauliza vya nini, wanasema urembo. Wengine hudhani saa imekufa kwa sababu mshale mrefu wa sekunde umeganda kwenye 12. Haijafa. Huo ni mshale wa kronografu, yaani kipima muda kilichomo ndani ya saa, unangoja amri yako. Sekunde za kawaida kwa kawaida zinatembea kwenye kimojawapo cha vile viduara.

Jina ni la Kigiriki: khronos ni wakati, graphein ni kuandika. Na zamani iliandika kweli. Mwaka 1821, Nicolas Rieussec alipima mbio za farasi Paris kwa chombo kilichodondosha wino kila farasi alipofika mwisho. Wino ulishaondoka, jina likabaki.

Hatua ya 1: Hakikisha mshale mrefu uko kwenye 12.

Hatua ya 2: Bonyeza kitufe cha juu, kilicho karibu na namba 2 (saa nane kwa hesabu yetu). Mshale unaondoka. Ukikibonyeza tena, unasimama.

Hatua ya 3: Soma. Hapa ndipo wengi wanapotea. Kiduara cha dakika mara nyingi huishia 30 kisha kinaanza upya, kwa hiyo lazima utazame na kiduara cha saa. Tuseme cha dakika kinaonyesha 10, na mshale wa kiduara cha saa umeshavuka katikati ya 1 na 2. Hiyo si saa moja na dakika 10, ni saa moja na dakika 40. Usiamini kiduara kimoja peke yake.

Hatua ya 4: Kitufe cha chini kinarudisha yote kwenye sifuri. Kibonyeze mshale ukiwa umesimama tu.

Hatua ya 5: Zile namba za pembeni mwa uso, 60 hadi 400 au 500, ni takimita. Washa ukipita alama ya kilomita, simamisha kwenye inayofuata. Ukitumia sekunde 30, mshale utaelekea 120: ndio mwendo wako kwa saa. Asome abiria, dereva aangalie barabara.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi naendesha polepole, kilomita inapita dakika moja. Takimita inanifaa?
Jibu: Pima nusu kilomita, kisha gawa jibu kwa mbili. Sekunde 45 zinasoma 80, kwa hiyo mwendo wako ni 40.

Swali: Yangu ina maandishi ya mapigo ya moyo.
Jibu: Hiyo ni ya madaktari. Soma kwanza imeandikwa mapigo 15 au 30. Kama ni 30, washa, hesabu mapigo 30, simamisha. Sekunde 25 zitakuonyesha mapigo 72 kwa dakika, bila kupiga hesabu.

Swali: Kronografu na kronometa si kitu kimoja?
Jibu: Hapana, na wauzaji wenyewe huchanganya. Kronografu hupima muda wa tukio. Kronometa ni saa iliyothibitishwa kwa usahihi wake. Uswisi, COSC, taasisi inayothibitisha kronometa, huzijaribu mashine za saa siku 15, na za kawaida zinazoendeshwa na springi bila betri hutakiwa ziwe kati ya −4 na +6 sekunde kwa siku. Saa moja inaweza kuwa vyote viwili.

Swali: Simu ina stopwochi. Hii ya nini?
Jibu: Kitufe unakipapasa bila kutazama. Na Aprili 1970, chombo cha anga za juu cha Apollo 13 kikiwa kinabana umeme, mwanaanga Jack Swigert alipima sekunde 14 za kuwasha injini kwa kronografu yake ya mkononi, Omega Speedmaster.

Swali: Naweza kuibonyeza nikiogelea?
Jibu: Usithubutu, labda mtengenezaji awe ameruhusu waziwazi. Kitufe kikishuka, maji yanaweza kupata njia.