Misuli, neva na tezi: jifunze kwa kujipapasa mwenyewe

Somo la leo halihitaji kitabu. Kunja mikono ya sweta hadi juu ya kiwiko, tafuta kioo na glasi ya maji.

Hatua ya 1: Misuli. Weka kiganja chini ya meza, jaribu kuiinua. Shika mkono juu ya kiwiko kwa mkono wa pili: msuli wa mbele, baisepsi, umekaza. Sasa kandamiza meza kutoka juu. Safari hii unaokaza ni wa nyuma, traisepsi. Msuli huvuta tu, hausukumi, kwa hiyo mmoja hukunja na mwenzake hukunjua.

Hatua ya 2: Neva. Upande wa ndani wa kiwiko, kati ya ncha yake na kile kifundo cha mfupa, kuna kijimfereji. Pitisha kidole polepole, utahisi kitu kama uzi kinateleza. Hiyo ni neva ya alna. Ndiyo inayokupiga shoti hadi kidole cha mwisho ukigonga kiwiko.

Hatua ya 3: Tezi. Hapa tukae, maana panatuhusu sana watu wa Nyanda za Juu Kusini. Inua kidevu mbele ya kioo. Shuka chini kidogo ya kifundo kigumu cha koo, kisha umeze funda la maji huku ukitazama. Tezi ya thairoidi iko hapo, gramu 20 hivi kwa mtu mzima, nayo hupanda na kushuka unapomeza. Ikiwa nzima, huenda usiione kabisa.

Msuli wa mkono hupokea amri kwa neva. Thairoidi hupokea yake kwa damu, kupitia homoni, yaani kemikali inayobeba ujumbe, ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ili itengeneze homoni zake inahitaji ayodini, yaani madini joto. Yakipungua, pituitari huzidi kuihimiza, nayo hukua hadi shingo inavimba: rovu. Mvua za milimani huosha ayodini kwenye udongo, hivyo mahindi na viazi vyetu huwa nayo kidogo. Wazee wa Iringa na Mbeya wanayakumbuka marovu makubwa. Miaka ya 1980 wilaya zilizoathirika ziligawiwa vidonge vya mafuta ya ayodini, na miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi itiwe madini joto.

Maswali ya wanakikundi

Mama wa Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Mwanangu akipata mafua huota vinundu chini ya taya. Ni rovu?
Marahaba mama. Hapana, hizo ni tezi za limfu zinazopambana na vijidudu. Zisipopungua baada ya wiki mbili tatu, au zikiendelea kukua, mpeleke zahanati.

Dereva, Makambako: Vidole viwili vya mwisho hufa ganzi nikiegemeza kiwiko dirishani.
Unaikandamiza neva ya alna. Acha kuegemea. Ganzi ikibaki, au mkono ukikosa nguvu ya kushika, muone daktari.

Mjamzito, Mafinga: Chumvi ya mawe ya gulioni inafaa?
Dada, nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto. Sasa unahitaji mikrogramu 250 za ayodini kwa siku, watu wazima wengine 150, na ubongo wa mtoto hujengwa kwa kuitegemea. Itunze kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na moto na unyevu, uitie mboga zikikaribia kuiva.