Kulinganisha utoro wa wanajeshi kati ya vita na vita: hatua ninazofuata

Mpwa wangu anasoma kidato cha sita hapa Lindi. Juzi aliniletea insha ya historia aliyoandika kwamba mwanajeshi 1 kati ya 5 wa Marekani alitoroka Vita vya Vietnam. "Mjomba, hesabu nimepiga mwenyewe," akaniambia. Kugawanya aligawanya vizuri, ila namba zenyewe hazikustahili kukutanishwa. Tulikaa barazani tangu adhuhuri hadi alasiri, na hivi ndivyo tulivyokwenda.

Hatua ya 1. Chukua kaunta buku, chora safu nne: vita, kilichohesabiwa, kigawanyo, miaka. Usianzie kwenye kompyuta. Kompyuta hupokea namba isiyo na jina ikaendelea na kazi, lakini safu tupu kwenye karatasi utaiona.

Hatua ya 2. Andika mtoro ni nani. Katika jeshi la Marekani, asiyekuwepo bila ruhusa kwa kawaida huandikwa mtoro zikipita siku 30. Jeshi lenye kipimo kingine lina watoro wa aina nyingine.

Hatua ya 3. Ni watu au ni matukio? Hapa niliwahi kupoteza usiku mzima, kwa hiyo nenda polepole.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliandika matukio 503,926 ya utoro kuanzia Julai 1966 hadi Desemba 1973. Soma tena: matukio. Mwanafunzi akitoroka mara 3 msimu wa korosho, rejista ina utoro mara 3, lakini mtoto ni yuleyule. Askari naye ni hivyo hivyo, na wengi wa walioandikwa watoro walirudi.

Halafu kigawanyo. Mpwa wangu aligawanya kwa watu milioni 2.7 waliopelekwa Vietnam, akapata karibu asilimia 19. Lakini matukio yale ni ya majeshi yote ya Marekani, popote yalipokuwa: kambi za nyumbani, Ujerumani, Korea. Waliotumikia majeshi hayo enzi za vita hiyo walikaribia milioni 9. Ukigawanya kwa hao unapata chini ya asilimia 6, na hata hiyo usiiite asilimia ya watoro, kwa sababu juu una matukio na chini una watu. Tena wengi wa walioandikwa hawakukimbia risasi. Walitoroka kutoka kambi zisizo na vita.

Hatua ya 4. Linganisha kilele na kilele. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa na utoro 63 kwa kila askari 1,000 mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na 73.5 mwaka 1971, wakati wa Vita vya Vietnam. Anayetaja 1971 akaficha 1944 anapotosha, na jambo hili linaniudhi sana, maana wasomaji huondoka wakidhani kizazi kimoja kilikuwa cha mashujaa na kingine cha waoga.

Hatua ya 5. Tenganisha aliyejiandikisha na aliyeshurutishwa. Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, hapa mkoani Lindi. Kulikuwa na askari wa mshahara, na kulikuwa na wapagazi ambao wengi walikamatwa vijijini wakabebeshwa mizigo kwa nguvu. Mpagazi aliyerudi kwao usiku usimweke safu moja na askari aliyeacha bunduki. Mpe safu yake.

Sentensi ya mpwa wangu sasa inasomeka: "Kati ya Julai 1966 na Desemba 1973, majeshi ya Marekani duniani kote yaliandika matukio 503,926 ya utoro." Asilimia ameifuta.