Ukishalala, Simu Isiguswe Tena

Wengi wanaojaribu kulala kwa kusikiliza hadithi hukosea pahali pamoja: wanaishika simu wakiwa wamekwisha jifunika. Unatafuta sura uliyoachia jana, mwanga unakugonga machoni, ujumbe wa M-Pesa unaingia, na kufumba na kufumbua ni saa saba usiku. Kwa hiyo kazi yote ifanywe mapema, vyombo vikishaoshwa, taa ikiwa bado inawaka.

Anza kwa kupakua. Bando likiisha katikati ya sentensi, ukimya wa ghafla humwamsha mtu sawa na kelele. Faili ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa, nayo inatosha kabisa kwa sauti ya mtu anayesoma. Ile ya 128 hula mara mbili, na sikio lililo kwenye mto halioni tofauti. Kadi ya memori ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 250 za ile ndogo, hata kwenye kabambe, simu ya vitufe. LibriVox, iliyoanza mwaka wa 2005, hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani, vikisomwa na watu wa kujitolea. Vingi ni vya Kiingereza. Chagua kilichosomwa na msomaji mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu wasomaji wakipokezana sura, kila sauti ngeni inakufungua macho.

Vya Kiswahili ni haba, na vya lugha za mama ni haba zaidi. Hapo dawa ni kurekodi. Nyanya anayejua sigana, zile ngano za Kijaluo zilizokuwa zikisimuliwa jioni katika siwindhe, yaani nyumba ya nyanya, anaweza kukupa saa nzima ya usingizi kwa kikao kimoja, tena ngano zenye wimbo unaorudiwarudiwa ndizo bora. Muombe ruhusa kwanza. Weka simu sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige maikrofoni, na uitandikie blanketi iliyokunjwa ili mezani pasivume. Zima friji. Usirekodi mawingu yakiwa yameshuka, maana mabati yatakuharibia kazi.

Hadithi ya kitandani iwe ile unayoijua tayari, au isiyo na haraka: safari, kumbukumbu za maisha, ngano. Ya upelelezi iache kwa mchana. Mtu anayetaka kujua muuaji ni nani halali. Ukiweza, punguza mwendo hadi 0.9 ya ule wa kawaida, ukishuka chini ya 0.8 msomaji anaanza kusikika kama mlevi.

Mchezo wa redio ni jambo lingine. Una milango inayobamizwa, ving'ora, kilio na muziki unaoruka kati ya onyesho na onyesho, na matangazo ya biashara hupanda juu ya vyote. Huo ni wa kitini, si wa kitandani. Usikilize saa tatu usiku taa ikiwa imefifishwa, mikono ikikunja nguo au kuchambua mchele, kisha uingie kitandani na msomaji mmoja wa polepole. Ukishikilia kuusikiliza kitandani, pima sauti kwa ule muziki wa kufungulia, si kwa mazungumzo. Na ukitumia spika moja ya sikio, washa sauti ya mono, inayounganisha kulia na kushoto, kwenye mipangilio ya ufikivu. Bila hiyo, mhusika aliyewekwa upande wa kulia atanong'ona mbali huku wa kushoto akikupigia kelele.

Sauti yenyewe hupimwa hivi. Weka simu mahali itakapolala, nawe ulale. Shusha hadi maneno yaanze kukuponyoka, kisha pandisha hatua moja tu. Ukigeuka na mchakacho wa shuka ukafunika maneno mawili matatu, umepatia.

Kisumu na kandokando ya ziwa, swali ni neti. Waya ukipita chini ya neti unaacha mwanya, na mbu hawahitaji zaidi ya huo. Weka simu nje, kwenye kigoda, spika ikitazama ukuta. Ikiwa spika yake ni dhaifu, simamisha simu ndani ya kikombe kipana cha plastiki. Sufuria huipa mwangwi na kumeza konsonanti. Usiiweke chini ya mto, hasa ikiwa inachajiwa, kwani joto halina pa kutokea. Spika ya bluetooth ijaribu mchana kwanza: nyingi hulia mlio wa kujizima dakika kadhaa baada ya hadithi kusimama, ndipo usingizi wote unapomwagika.

Mvua kwenye mabati haishindiki. Inafunika "s", "f" na "t", ukibaki na mvumo wa vokali, na ukiongeza sauti utaamka itakapokatika. Zima hadithi, mvua ikulaze. Disko matanga ya kijiji cha pili ni afadhali, kwa kuwa kinachofika kwako ni besi tu, nayo haiyafuniki maneno sana.

Wanaotumia redio ya FM ya simu wajue kuwa katika simu nyingi waya wa spika za masikioni ndio antena. Chomeka waya, kisha rudisha sauti kwenye spika ya simu. Za bluetooth pekee hazitakushikia stesheni, iwe Ramogi au Mulembe. Masafa ya AM hupasuka kila radi inapopiga, na Kakamega au Kericho radi si mgeni. Redio ya stima yenye kitufe cha kuzungusha ichomoe kabisa. Stima ikipotea ukalala bila kuizima, ikirudi saa tisa usiku itanguruma hadi kwa jirani.

Mwisho weka kipima muda. VLC, programu ya kuchezea sauti, kwenye Android inacho kwenye menyu ya kichezaji. Kwenye iPhone kiko katika programu ya saa, sehemu ya kipima muda: shuka hadi chini kabisa ya orodha ya milio, uchague agizo la kuacha kucheza. Anza na dakika 30. Ikizima ukiwa macho siku tatu mfululizo, ongeza hadi 45. Ikiwa asubuhi hukumbuki chochote baada ya dakika tano za mwanzo, 20 zinatosha. Zima pia uchezaji wa kiotomatiki, la sivyo kitabu kingine kitaanza chenyewe. Washa hali ya kutosumbuliwa ukiruhusu kengele ya asubuhi na wale watu wawili watatu ambao simu yao ya usiku huwezi kuikosa.

Kesho yake, ukiwa unasubiri chai ichemke, rudisha hadithi hadi mahali pa mwisho unapopakumbuka na uiache hapo, tayari kwa usiku.