Kadi za mihuri ya tyubu: maji kwanza, muhuri katikati, gundi mwisho

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kadi sitini za harusi. Nilichonga muhuri wa mashua, nikaupiga kwenye kadi zote kwa wino wa kawaida wa ofisini, nikajisifu kidogo. Kisha nikachovya brashi kwenye rangi ya samawati ili niweke ziwa chini ya mashua. Wino uliyeyuka. Mashua sitini zikageuka mawingu ya zambarau, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Siku hiyo ndiyo iliyonifunza utaratibu ninaokupa hapa. Chochote chenye maji hutangulia. Muhuri hufuata karatasi ikishakauka. Gundi na vitu vya kubandika huja mwisho kabisa. Ukivuruga mpangilio huo, hata ungekuwa na mkono wa dhahabu, kadi itakuumbua.

Vifaa vyangu karibu vyote natoa hapahapa Kisumu. Manila, ile karatasi nene ya kadi, nanunua duka la vitabu. Tyubu ya baiskeli iliyochoka hunipa fundi wa pancha, naye hunishangaa mpaka leo. Vipande vya mbao naokota kwa maseremala, na vitambaa hutoka chini ya meza ya fundi cherehani. Soko la Kibuye siku ya Jumapili utapata yaliyosalia. Ongeza wembe, mkasi, msasa laini, rula, raba chache za shule, pedi ya wino, rangi za maji, na gundi aina mbili: ile ya fundi viatu na ile ya wanga utakayoipika mwenyewe.

Hatua ya 1: Karatasi

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikate katikati ya upande mrefu upate vipande viwili, kisha kila kimoja ukikunje mara moja. Utakuwa na kadi ya milimita 105 kwa 148, ambayo inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6 (114 kwa 162). Anza na bahasha, ndipo uje kwenye kadi. Nimeona watu wakitengeneza kadi nzuri ajabu halafu wanazunguka mji mzima wakitafuta bahasha ya kipimo ambacho hakipo.

Karatasi ya kuchapia ya gramu 80 ni nyepesi mno. Itajikunja ukiilowesha na haitasimama mezani. Tafuta ya gramu 200 au zaidi.

Jambo moja ambalo wengi hulipuuza: karatasi ina nyuzi, na nyuzi zake zimelala upande mmoja. Shika karatasi, ipinde polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utakubali kwa ulaini, mwingine utakataa kidogo. Mkunjo wako ufuate ule ulaini. Ukikunja kinyume cha nyuzi, mgongo wa kadi hupasuka na kuonyesha vijinyuzi vyeupe, hasa kama umeshaipaka rangi.

Usikunje kwa vidole vitupu. Chukua kalamu iliyoisha wino, weka rula, chora mfereji kwa kukandamiza. Halafu kunja ili mfereji ubaki nje na kinundu kiwe ndani, na upitishe mgongo wa kijiko juu yake.

Hatua ya 2: Mandhari, yaani maji

Kadi nyeupe tupu ina uzuri wake, lakini mimi hupenda ionekane kama imeishi kidogo. Chemsha vijiko vinne vya majani ya chai kwenye vikombe viwili vya maji mpaka yawe meusi. Usitie sukari. Niliwahi kutumia chai iliyobaki mezani, na asubuhi nikakuta sisimizi wamefanya mkutano juu ya kadi kumi na mbili. Paka chai hiyo kwa brashi pana, acha ikauke, rudia pale unapotaka giza zaidi, hasa kingoni.

Ukitaka ziwa, lowesha nusu ya chini ya kadi kwa maji safi, kisha gusisha samawati na kijani kidogo, uache vitembee vyenyewe. Ikiwa bado mbichi, nyunyiza chembechembe za chumvi ya mawe. Chumvi hunyonya maji na kusukuma rangi, na ikikauka ukaipangusa utaona vinyota kama mwanga wa jua unaocheza majini. Chumvi laini ya mezani hufanya hivyo pia, ila vinyota huwa vidogo.

Karatasi yoyote iliyoloweshwa upande mmoja hujipinda. Dawa ni kupaka maji matupu upande wa pili, kungoja unyevu utoke, kisha kuilaza chini ya vitabu vizito usiku kucha. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, hewa yetu huwa na unyevu hivi kwamba usiku mmoja hautoshi. Gusa kwa shavu, si kwa kidole. Shavu linahisi ubaridi wa maji ambao kidole hakiuoni.

Hatua ya 3: Kutengeneza muhuri

Hapa ndipo utatumia muda mwingi, na ndipo penye raha.

Tyubu ya baiskeli au ya pikipiki ni mpira mwembamba, sawa kote, na mkasi unaikata bila shida. Ipasue, ioshe kwa sabuni ili kutoa ule unga mweupe uliomo ndani, ianike kivulini. Kisha isugue kwa msasa upande utakaochapa. Usiruke hatua hii. Mpira ukiwa na ule mng'ao wake, wino hujikusanya matone kama maji juu ya jani la yungiyungi, na picha inatoka na madoa. Ukishasugua mpaka ung'ao uishe, wino unashika.

Picha ya muhuri huchapwa kinyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Chora umbo lako kwenye karatasi, likate, ligeuze uso chini juu ya tyubu, lizungushie chaki. Kata kwa mkasi. Jicho la samaki litoboe kwa mashine ya kutoboa karatasi. Magamba yachanje kwa wembe. Kisha paka gundi ya fundi viatu kwenye mpira na kwenye mbao, vyote viwili, ungoje kama dakika kumi mpaka isigande kidoleni, halafu ndipo uunganishe. Ukiunganisha ikiwa mbichi, umbo litateleza. Nyuma ya mbao chora mshale unaoonyesha juu ni wapi. Utaniombea dua siku utakapokuwa unapiga kadi ya arobaini macho yakiwa mazito.

Kwa mistari midogo, tyubu haifai. Tumia raba ya shule. Chora kwa penseli laini, 2B kwenda juu, ilaze picha kifudifudi juu ya raba na uisugue kwa mgongo wa kijiko. Itahamia ikiwa imeshajigeuza yenyewe. Unapochonga, inamisha wembe ili ukuta wa mstari uteremke kwa nje kama kilima, usichimbe chini yake. Mstari uliochimbwa chini hulegea na kukatika baada ya kadi chache. Na kwenye kona, zungusha raba, wembe utulie palepale.

Ndara kuukuu nayo haitupwi. Soli yake inatoa maumbo makubwa, kama jua, au mawe.

Mawe yananikumbusha kitu. Nilichonga muhuri wa Kit Mikayi, yale majabali yaliyopandana kwenye njia ya kwenda Bondo, kwa sababu umbo lake ni rahisi na mtu wa huku akiliona tu anajua uko nyumbani. Mteja mmoja akachukua kadi hiyo ampe mkewe, wakisherehekea miaka kumi ya ndoa. Sasa, Kit Mikayi kwa Kiluo ni jiwe la mke wa kwanza, na nyachira ni mke wa pili. Mama aliipokea, akaitazama, akauliza kwa upole, "Mikayi? Kwa hivyo nyachira anakuja lini?" Jamaa alirudi kwangu siku ya pili kununua kadi yenye samaki. Chagua picha yako ukimfikiria anayeipokea.

Maneno ni kazi nyingine. "Ero kamano" (asante kwa Kiluo) au "Mulembe" (amani kwa Kiluhya) unaweza kuyachonga kwenye raba ukiwa na subira, kwa herufi kubwa. Kwa sentensi ndefu, mimi huenda kwa wale mafundi wa mihuri ya ofisi mjini, nawaandikia maneno ninayotaka, nao hunitengenezea. Sioni aibu.

Hatua ya 4: Kupiga muhuri

Tunasema kupiga, lakini ukiupiga kweli utaharibu. Muhuri hukandamizwa.

Ulaze muhuri mezani uso ukitazama juu, uichukue pedi na kuigusisha juu yake, gusa gusa, mpaka uone wino umeenea bila kujaa mifereji. Watu wengi huuzamisha muhuri ndani ya pedi, kisha wanalalamika kwamba kingo za mbao zinachapa. Chini ya kadi weka magazeti manne au matano yaliyokunjwa. Ulaini huo unaisaidia karatasi kukutana na mpira kila mahali. Teremsha muhuri wima, kandamiza kwa kiganja, hesabu tatu, inua wima. Usiutikise. Jaribu kwanza kwenye gazeti, kila mara, hata ukiwa na uzoefu wa miaka.

Wino wa ofisini hukauka kwa kunyonywa na karatasi. Kwa hivyo kwenye karatasi ya kung'aa haukauki, utabaki ukipaka vidole vya watu, na ukiguswa na maji unakimbia, kama ulivyonikimbia mimi. Ukipata wino wa mafuta, huo huvumilia maji, lakini unataka siku nzima au zaidi ya kukauka.

Kuna mbinu mbili zinazofanya muhuri mmoja uonekane kama mihuri mitano. Ya kwanza: tia wino mara moja, chapa, halafu chapa tena na tena bila kuongeza. Ukiwa na muhuri wa ngege, yule samaki wa ziwani, wa kwanza atakuwa mweusi, wa pili kijivu, wa tatu kivuli tu, na hapo una kundi la samaki linalozama kilindini. Ya pili ni kuziba. Chapa mashua kwenye kadi, kisha ichape tena kwenye karatasi nyembamba na uikate kwa kufuata mstari. Kifuniko hicho kiweke juu ya mashua ya kwanza, uchape ya pili ikipishana nayo. Ukiondoa kifuniko, mashua ya pili iko nyuma ya ya kwanza. Kata ndani kidogo ya mstari, la sivyo utaona ufa mweupe kati yao.

Ukimaliza, futa mihuri kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Petroli na mafuta ya taa vinafuta wino haraka, ni kweli, lakini vinauvimbisha mpira na kuulegeza.

Hatua ya 5: Kubandika

Gundi ya wanga: koroga vijiko viwili vya unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka iwe kama uji unaong'aa. Itumie ikipoa. Siku ya tatu huanza kunuka, pika nyingine.

Kipande cha kitenge ukikikata hivihivi kinatoa nyuzi. Kipake gundi hiyo nyuma, kianike, ndipo ukate. Kitakatika safi kama karatasi. Maganda makavu ya mgomba yana rangi ambazo hakuna duka linauza, kuanzia hudhurungi ya asali hadi nyeusi, mara nyingine katika ganda moja. Yaweke kati ya magazeti, uyapige pasi yenye moto wa wastani yanyooke. Hayo ndiyo mlima, ndiyo paa la nyumba, ndiyo ubavu wa mashua. Mafunjo yaliyopasuliwa, kama yale ya ufuoni Dunga hapa Kisumu, hutoa mistari iliyonyooka ya matete. Ukibahatika kupata kipande cha lubugo kutoka Uganda, kile kitambaa cha gome la mti ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005, kitumie kwa uchoyo.

Paka gundi nyembamba, kwenye kitu na si kwenye kadi. Gundi nyingi ni maji mengi, na tumeshakubaliana maji yalikuwa ya hatua ya pili. Baada ya kubandika usirudi na muhuri. Juu ya mabonde na milima hautashika. Na usirundike vitu, kwa sababu kadi nene hupasua bahasha.

Funika kadi kwa karatasi safi, juu yake vitabu, mpaka asubuhi. Ndipo uandike ndani, kwa penseli kwanza. Jina la mtu lililokosewa halifichwi na kitenge.