Jinsi ya kuandika kibao cha udongo kwa mwandiko wa kikabari

Ninafundisha historia hapa Kisumu, na tukifika Mesopotamia, yaani Iraki ya kale ambako mwandiko huu ulitumika, siridhiki na picha ya kitabuni. Mwanafunzi aliyewahi kuandika kibao chake mwenyewe huvitazama vile vya makumbusho kwa macho mengine kabisa.

Udongo waombe akina mama wafinyanzi wa Nyakach, ule ambao hawajautia mchanga. Ukande hadi uwe laini kama donge la chapati na usinate mkononi, kisha ufinyange kibao cha kuenea kiganjani. Vibao vingi vya kale ni vidogo hivyo. Karani alikishika kwa mkono mmoja, akaandika kwa mwingine.

Kwa kalamu, tafuta tete kavu kando ya ziwa. Mafunjo hayafai, ni laini mno. Kata ncha iwe na pembe kali.

Sasa sikiliza vizuri: usichore. Ukiburuta tete, udongo unajikunja pembeni na alama inaharibika. Bonyeza, inua. Ukilaza tete kidogo, pembe inaacha kichwa kipana na ubavu unaacha mkia mwembamba. Hiyo ndiyo kabari. Ikiwa wima ni 1. Ukikandamiza pembe peke yake, unapata alama isiyo na mkia, nayo ni 10. Kwa hiyo 23 ni alama mbili za pembe na kabari tatu. Ukifika 60 unarudi kwenye kabari moja ya wima, ukiiweka kushoto. 72 basi ni kabari moja, nafasi, pembe moja, kabari mbili. Dakika 60 za saa zetu zinatoka kwenye hesabu hiyohiyo.

Uso wa mbele ukijaa, pindua kibao kwa ukingo wa chini, si kwa ubavu, uendelee nyuma.

Kianike kivulini, maana jua letu litakipasua. Hakuna haja ya kukichoma. Vingi vya kale vilikaushwa tu. Baadhi ya vile vya maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, viliokwa na moto ulioteketeza mji wake mkuu, Nineveh, mwaka 612 KK.

Kikikauka, funga mapazia na umulike tochi ya simu kutoka ubavuni, chini kabisa. Kabari zitajitokeza zote. Baada ya hapo fungua intaneti kwenye CDLI, mkusanyo wa picha za vibao vya kikabari ambao ni bure, na utafute vibao vya Puzrish-Dagan, kusini mwa Iraki, vyenye hesabu za kondoo, mbuzi na ng'ombe. Anza na namba za pembeni kushoto. Hizo utazisoma.