Kilo si lita: pima asali yako

Ukijaziwa asali Marikiti kwenye chupa ya maji ya nusu lita, usikubali kuambiwa hiyo ni nusu kilo. Maji ndiyo ambayo lita yake ni kama kilo moja. Asali nzuri ni nzito zaidi: lita huvuta karibu kilo 1.4, kwa hivyo nusu lita yafaa ifike gramu 700 hivi. Mafuta ya nazi ni kinyume, lita yake ni kama gramu 920.

Hiyo ndiyo densiti: tungamo gawanya kwa ujazo. Basi.

Mimi hufanya hivi. Chupa tupu naiweka kwenye mizani ya jikoni, naandika uzito. Nachora alama ya kalamu shingoni, natia maji mpaka hapo, napima tena. Gramu zilizoongezeka ndizo mililita zake. Namwaga, naikausha kabisa, kisha natia asali mpaka alama ile ile na kungoja povu litulie, maana hewa hudanganya mizani. Natoa uzito wa chupa, gramu za asali nagawanya kwa zile mililita. Majuzi nilipata 1.25 badala ya karibu 1.4. Nimeuziwa maji, na muuzaji alikuwa ameapa viapo vyote!

Ila shira nzito ya sukari nayo yaweza kukaribia 1.4, kwa hivyo kipimo hiki hakithibitishi kuwa ni asali halisi. Kinachokamatika ni ile iliyozimuliwa.